Maji ameonja, miche je?

Juzi kwenye kundi letu la wakulima la WhatsApp imeingia video ya kisima kirefu kilichochimbwa huku kwetu Kigamboni. Maji yanaruka, watoto wanashangilia. Fundi anakinga kiganja, anaonja, anatema pembeni, kisha anatangaza: "Baridi kabisa haya, hayana chumvi, mzee wangu, panda chochote!" Mzee anacheka. Nyuma yake vyuma vya kitalu nyumba (greenhouse) vimeshasimama, vinasubiri nailoni tu.

Jamani. Nyumba imejengwa, maji yamepimwa kwa ulimi.

Nina hasira kwa sababu hata mimi niliwahi kuwa kama mzee huyo. Kisima changu sabuni haitoi povu, na maji ya chai tunanunua kwa madumu. Lakini maji hayo hayo tuliyoyakataa kwenye sufuria niliyapeleka kwenye nyanya bila kuwaza mara mbili. Aliyeniuzia kitalu alikuja na futi ya kupimia kiwanja. Cha kupimia maji hakuwa nacho. Kingo za majani zilipoungua nikaambiwa ni ukungu, nikapuliza dawa wiki baada ya wiki. Chumvi na dawa ya ukungu wapi na wapi! Matunda yakaanza kuoza kitako, nikaambiwa ongeza kalsiamu. Nikaongeza. Siku nilipoazima kipima EC, kifaa kinachoonyesha wingi wa chumvi kwenye maji kwa jinsi yanavyopitisha umeme, kisima kikasoma 2.1 (dS/m). Maji yaliyochuruzika chini ya viroba nilimopanda nyanya yakasoma zaidi ya 6.

Mwongozo wa maji ya kumwagilia wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unasema chini ya 0.7 lala usingizi, ukivuka 3 uko pabaya. Kwa hiyo 2.1 unaweza kusema si mbaya sana, na kwa shamba la wazi pengine ni kweli, maana masika yanakuja kuosha. Kwenye kitalu nyumba mvua tumeifungia nje wenyewe, tena kwa gharama. Kinachoingia na maji kinabaki.

Piga hesabu. Maji ya EC 2 yana takriban gramu moja na robo ya chumvichumvi kwa lita. Kitalu cha mita 8 kwa 15 chenye miche 500, kila mche lita moja kwa siku, ni zaidi ya gramu 600 kila siku ya Mungu. Siku 100, kilo 60 na ushee. Sasa mwambie mkulima anunue mfuko wa kilo 50 wa chumvi, aumwage kitaluni, halafu arudi dukani kuchukua kilo 10 nyingine. Atakuona kichaa. Zikipita kidogo kidogo kwenye mipira ya matone, anaita umwagiliaji wa kisasa.

Ndiyo, najua, si chumvi ya mezani yote, na mbolea nayo ni chumvi. Ndiyo maana upime maji kabla ya mbolea na baada ya mbolea. Na usipime mara moja ukaweka karatasi kwenye fremu: kisima cha Mei si kisima cha Oktoba, hasa huku pwani ambako ukivuta sana bahari nayo inasogea.

Wenye vitalu vya miche hali ni mbaya zaidi. Kitundu cha trei kina kijiko cha kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) tu. Jua la mchana likikikausha, chumvi inabaki na mzizi peke yao. pH (kipimo cha uchachu wa maji) na magadi, vinavyoziba matundu ya mipira, nitaviandikia siku nyingine.

Haya, maabara ina gharama na majibu yanachelewa, nakubali. Lakini kipima EC kina ukubwa wa kalamu ya wino. Kisafishe, kisahihishe kwa maji yake maalumu, usikisahau juani kama nilivyofanya na changu cha kwanza.

Halafu paa. Mita 120 za mraba, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ni lita 120,000 za maji yasiyo na chumvi, na sisi tunazielekeza mtaroni kwa jirani. Mimi nimefunga tenki la lita 5,000, ndilo nililolimudu. Nachanganya nusu kwa nusu na ya kisima, EC inashuka hadi 1 hivi. Likiisha narudi kwenye mateso yangu.

Namba ya yule mzee nimeipata. Nimemwandikia: "Shikamoo mzee, kabla ya nailoni naomba chupa moja ya maji yako." Tiki mbili za bluu zipo. Jibu bado.