Kusoma Vichwa Tu, Mia Mbili

Jamani, nimetozwa hela ya kutazama. Sisemi kununua, kutazama! Ile meza ya magazeti pale kituoni, ambayo sisi wasomaji wa kusimama tumeilea miaka yote, mikono nyuma kama wakaguzi kutoka wizarani, leo kijana kayalaza magazeti yote kifudifudi. "Vichwa mia mbili, na picha mia tatu."

Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mdau wa habari wa siku nyingi.

"Shikamoo mzee. Mia mbili."

Nikatoa. "Upande upi?" Upande tena? Akanielewesha kwa adabu zote: ukisoma ya kushoto, mkutano wa jana watu walifurika mpaka juu ya miembe, ya kulia, mkutano huohuo, viti vitupu na mbwa mmoja. Pande zote mia nne.

"Kwani wewe hukuwepo?"

"Nilikuwepo, nilikuwa nauza maji."

"Sasa watu walijaa au hawakujaa?"

"Mzee, hiyo ni habari. Mimi nauza magazeti."

Nikachukua la kushoto. Jamaa wa shati la kijani akanipongeza, eti ndilo lenye nidhamu. Mwingine akadakia: nidhamu ipi? Hilo Uhuru si gazeti la CCM, chama tawala chenyewe? Agosti 2021 likala siku 14 kifungoni kwa kuandika kwamba Rais hana wazo la kugombea 2025. Kama mtoto wa nyumbani anachapwa hivyo, wa jirani je? Basi zogo likaanza, watu wakajaa, wote wanachungulia gazeti nililolilipia mimi! Muuzaji naye ananidai hela yao, eti nimelifungua mno. Nimelifungua mno! Nilisome kwa kupapasa?

Nikahamia kwenye simu. Mtandao wa X, ule wa Twitter zamani, ulizibwa Mei 2025, ukaingia kwa VPN, ile programu ya kujifanya uko nchi nyingine, na VPN nayo TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, walishataka tangu 2023 tuitolee taarifa. Sasa simu yangu inaamini naishi Uholanzi, inanitangazia matairi ya theluji. Mbagala!

Kundi la ukoo ndiyo usiseme. Shemeji katuma video imezunguka nchi nzima. Nikauliza imetoka wapi, nikaambiwa nimenunuliwa. Ningekuwa nimenunuliwa ningebishania mia mbili? Huyo mnunuzi ajitokeze basi, bei tutaelewana.

Njaa ikauma, nikapitia vitumbua. Mama kanifungia kwenye gazeti la wiki iliyopita, hapo nimesoma bure, ila mafuta yamemmeza mheshimiwa kuanzia kidevuni. Halafu hivi vitumbua vyenyewe, mbona siku hizi vina shimo katikati? Nikauliza. Eti mchele umepanda. Mchele upi, wa Kyela au wa Mbarali? Maana wa Kyela najua bei yake, nina binamu kule, na huyo binamu bado ana hela yangu.