Kabla hujampa ajenti kianzio, muulize unapita njia ipi

Hapa Mbeya biashara ya "nitakupeleka Kanada" imeshamiri. Ajenti yuko kwenye kistesheneri Mwanjelwa, anakuonyesha barua ya mwaliko, anataka kianzio. Nimeona pesa ya parachichi za Rungwe ikiyeyukia hapo. Viza ya matembezi haikupi ukaazi wa kudumu, na ajenti asiyeweza kukutajia njia anayokupitisha, jamani, hana njia.

Mbona njia zenyewe za kupata ukaazi huo hazifichwi? Marekani, mlango mpana ni familia. Mke au mume wa raia, mzazi wake, na mtoto wake aliye chini ya miaka 21 na hajaoa wala kuolewa, hawawekewi ukomo wa idadi kwa mwaka. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, unapewa kwanza kadi ya ukaazi yenye masharti, ya miaka 2. Ndugu wa raia naye huombewa, ila foleni yake inapita miaka 10. Kaka yako aliyeko Texas akikuahidi, mshukuru, halafu uendelee kulima.

Kwa njia ya kazi, mara nyingi mwajiri huthibitisha kwanza kuwa hakupata mtu wa huko. Ya wawekezaji inaanzia dola 800,000, tuipite. Ile bahati nasibu ya grin kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, iliyowekwa na sheria ya 1990, ina viza zisizozidi 55,000 kwa mwaka. Wanaochaguliwa ni wengi kuliko viza, na ikifika 30 Septemba bila viza mkononi, nafasi imekufa. Tena serikali yao hubadili masharti ikitaka.

Kanada ndiko wengi wetu tungeangalia kwa makini. Mfumo wa Express Entry, wa kuchagua wenye ujuzi wanaotaka ukaazi wa kudumu, ulioanza 2015, unakupima kwa alama: umri, elimu, uzoefu wa kazi, lugha. Alama za umri huwa juu kabisa kati ya miaka 20 na 29, na ukifika 45 hupati hata moja. Nesi wa miaka 28 mwenye uzoefu angefaidika zaidi kulipia mtihani wa Kiingereza na uhakiki wa vyeti vyake. Akiba ya kujikimu nayo ataulizwa. Na kama ana subira, asome Kifaransa, maana tangu 2023 Kanada imekuwa ikiwaita wanaokijua waombe ukaazi, mara nyingi kwa alama za chini kuliko wengine. Mwalimu wa Kifaransa hapa mjini ni wa kutafuta kwa tochi, lakini ukimpata atakudai ada ya masomo, si kianzio.