Msimbazi: mita 60 zinaanzia ukingo upi?

Kila masika, Dar es Salaam hutoa hukumu ileile: watu wa bonde la Mto Msimbazi ni wabishi. Walionywa, wakahamishwa, wakarudi. Barabara ya Morogoro ikifungwa kwa mafuriko pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi yakasitishwa, hasira za jiji zima huwaangukia wao. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, ila inaanza kuutazama mto pale Jangwani, na mto hauanzii Jangwani.

Unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe. Unashuka kilometa zipatazo 35 kupitia Gongo la Mboto, Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, unapokea Mto Ubungo na ule Mto Ng'ombe wa upande wa Sinza, kisha unaingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Salenda. Hata utani wetu wa soka umelala humu: huku Simba, Wekundu wa Msimbazi, kule Yanga, Watoto wa Jangwani, ambao uwanja wao wa Kaunda umeshamezwa na maji mara nyingi.

Wanaotaka bonde libaki wazi wana hoja nzito. Ni njia ya maji, na mpango kabambe wa jiji wa mwaka 1979 ulikwisha kulitaja kuwa eneo la hatari. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Asiyetaka kuona vifo vile vikirudi hawezi kusema watu waachwe tu walipo, na mimi sisemi hivyo.

Tatizo langu ni ule utepe wa kupimia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Karatasini, 60 ni namba safi. Nenda Ulongoni au Kinyerezi, kule juu ya mto, mvua zikishakata, uutafute huo ukingo. Udongo ni wa kichanga, maji yanaula kwa chini, kipande kinadondoka na mgomba wake na choo chake. Nyumba iliyojengwa mbali na mto inajikuta imening'inia ukingoni, na mwenye nyumba hajasogea hata hatua moja. Mto ndio uliomfuata. Anayekuja kuchora ukutani X nyekundu, alama ya nyumba ya kubomolewa, anapima kutoka ukingo wa leo, wakati mtu alijenga kwa kuutazama ukingo wa zamani, wengine miaka mingi kabla ya sheria yenyewe. Wapo waliolipa kodi ya majengo na kuunganishiwa umeme na maji. Kila risiti waliyopewa waliisoma kama ruhusa ya kukaa, na sioni mtu wa kawaida angeisoma vipi vingine.

Na huo udongo ulioliwa juu unakwenda wapi? Unashuka Jangwani. Huko mteremko unaisha, maji yanapoteza nguvu, mchanga unatua. Simama darajani wakati wa kiangazi uwaone vijana na makoleo yao wakirundika mchanga kando, wakisubiri lori lije kubeba tripu. Wanaondoa mwezi mzima, mvua ya siku mbili inarudisha. Kitanda cha mto kinapanda, nafasi chini ya daraja inapungua, na mvua ambayo zamani ingepita chini sasa inapita juu ya lami. Anayelaumiwa ni mkazi wa Mkwajuni, huku chini bondeni. Aliyefyeka miti kule Pugu, anayechimba mchanga kingoni kinyemela, na sisi wa vitongoji vya juu tulioziba kila uwanja kwa zege ili maji ya bati yatoke haraka kwenda mtaroni, hakuna anayetuchorea X.

Jiji lenyewe halikuliogopa bonde lilipolihitaji. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, karakana ya mabasi ilikuwa palepale Jangwani, juu ya kifusi, ndani ya eneo ambalo raia alikuwa akiambiwa halijengeki. Ilifurika, mabasi yakaharibika.

Wanaoitwa wabishi niliwatembelea majumbani mwao. Nyumba moja ilikuwa na ukuta wa saruji unaofika magotini, katikati ya mlango. Unauruka ndipo uingie sebuleni. Juu ya saruji ya kwanza ilikuwepo nyingine ya rangi tofauti: waliongeza kimo baada ya maji kuupita ule wa awali. Kitanda kilikuwa juu ya matofali manne kila mguu. Mtu anayeishi hivyo anajua hatari kuliko sisi tunaoitazama kwenye simu. Anabaki kwa sababu kibarua chake kiko Kariakoo, anakwenda kwa miguu. Baada ya 2011 wengi walipewa viwanja Mabwepande, zaidi ya kilometa 30 kutoka mjini, na kwa mchuuzi wa Kariakoo nauli peke yake inamaliza faida ya siku. Baadhi walirudi. Sikuona ukaidi katika hilo, niliona hesabu.

Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake wa dola milioni 200 mwaka 2022: daraja refu na la juu zaidi Jangwani, karakana kuhamishwa, bustani kubwa mahali palipokuwa na nyumba. Naliunga mkono daraja, na hata kuhama nakubali, kwa fidia inayomwezesha mtu kununua kiwanja mahali ambapo basi moja linamfikisha kazini. Lakini bustani ikishapandwa, mchanga utaendelea kushuka kutoka Pugu na Ulongoni, na safari hii bondeni hakutakuwa na mkazi wa kusingiziwa. Anayesimamia utepe wa mita 60 aanze kuupeleka huko juu, kwenye mashimo ya mchanga, kabla masika mengine hayajafika.