Daftari la getini: tulikuwa tunafuatilia nini korona ilipoingia shule za sekondari?

Januari 2021, shule za Kenya zilipofunguliwa kwa madarasa yote, nilimrudisha mpwa wangu shuleni, sekondari ya bweni. Getini palikuwa na mtungi wa maji wenye bomba, sabuni imetiwa ndani ya soksi na kuning'inizwa kwa kamba ili isiibwe, na mlinzi aliyeshika kile kipimajoto cha mfano wa bastola. Analenga kwenye paji la uso, anasoma, anaandika daftarini. Mpwa wangu alitoka 33.8.

"Mzee, hapo mimi ni maiti," akasema.

Mlinzi akampima tena mkononi, ikaja 36.4, akaandika hiyo. Nilichungulia ukurasa: safu nzima ilikuwa 36.4, 36.5, 36.4. Hakukuwa na mtoto aliyezidi wala aliyepungua.

Simcheki yule mzee. Alifanya alichoagizwa kwa kifaa alichopewa. Lakini daftari lile ndilo lililokuwa mfumo wa kufuatilia korona katika shule nyingi za kwetu, na kila nikilikumbuka hujiuliza kama ingefaa tufanye kama nchi nyingine: kuwapima wanafunzi na wafanyakazi wa shule mara kwa mara, wawe na dalili au wasiwe nazo. Wapo wanaosema ilikuwa lazima, na wapo wanaosema ingekuwa fedha za kutupa na fujo ya bure. Nimezisikiliza pande zote mbili, na naona zinabishana juu ya vitu viwili vilivyopewa jina moja: kupima ili kuhesabu, na kupima ili kusaka wenye virusi.

Tuanze na upande wa wanaotaka kupima, maana ushahidi wao ni wa kutisha. Jerusalem, Mei 2020: shule zilifunguliwa tarehe 17, na siku mbili baadaye joto kali likaingia. Kwa siku tatu wanafunzi wakaruhusiwa kuvua barakoa, viyoyozi vikiunguruma mchana kutwa. Mwishoni mwa mwezi, shule moja ya sekondari yenye wanafunzi karibu 1,200 ilipata wagonjwa wawili. Shule nzima ikapimwa. Waliokutwa na virusi walikuwa wanafunzi 153 na wafanyakazi 25. Na hapa ndipo kipimajoto cha getini kinapoumbuka: kati ya wanafunzi hao walioambukizwa, wenye dalili yoyote walikuwa asilimia 43 tu. Kwa wafanyakazi ilikuwa asilimia 76. Yaani ugonjwa ulimwangusha mwalimu kitandani huku ukimwacha mwanafunzi akicheza mpira.

Ufaransa nako, katika mji wa Crépy-en-Valois kaskazini mwa Paris, virusi vilizunguka katika shule ya sekondari Februari 2020 kabla mtu yeyote hajashtuka. Watafiti wa Taasisi ya Pasteur walipokwenda kupima damu mwishoni mwa Machi, waliwakuta na kingamwili, yaani alama ya damuni kwamba mtu ameshaambukizwa, asilimia 38 ya wanafunzi, asilimia 43 ya walimu, na asilimia 59 ya wafanyakazi wasiofundisha. Kundi hili la mwisho lilikuwa dogo, watu 27 tu, kwa hiyo tusiing'ang'anie sana ile 59. Lakini inanikumbusha jambo. Mjadala wetu wote ulikuwa "walimu na wanafunzi, walimu na wanafunzi". Mpishi anayewapakulia watoto mia tano githeri kila siku hatajwi. Matroni hatajwi. Hata mlinzi wa daftari, ambaye kila mtoto wa shule ile alimpumulia usoni asubuhi moja, hakuna aliyempima yeye.

Wakati huohuo, Ujerumani ilitoa picha tofauti kabisa. Mashariki mwa jimbo la Saxony, baada ya shule kufunguliwa mwaka huohuo wa 2020, walipimwa damu wanafunzi zaidi ya 1,500 na walimu 500. Waliokuwa na kingamwili walikuwa 12. Si kwamba Wajerumani walijua siri ambayo Wafaransa hawakuijua. Eneo lenyewe lilikuwa na maambukizi machache. Shule huakisi mtaa wake, na ukitaka kujua hali ya shule za nchi nzima, hadithi ya shule moja, iwe mbaya au nzuri, haikufikishi popote.

Ndiyo maana Uingereza ikaanzisha uchunguzi wa aina nyingine. Novemba 2020, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa kushirikiana na mamlaka ya afya ya umma na chuo cha tiba ya tropiki cha London, waliingia katika shule 105 za msingi na sekondari nchini England, nyingi zikiwa katika maeneo yenye maambukizi mengi, wakawapima waliokubali. Matokeo: asilimia 1.24 ya wanafunzi na asilimia 1.29 ya wafanyakazi walikuwa na virusi siku hiyo.

Kasoro ya hesabu hiyo inaonekana upesi. Aliyepimwa ni yule aliyekuwepo shuleni siku hiyo, ambaye mzazi wake alitia saini. Mgonjwa aliyelala nyumbani hakuhesabiwa. Aliyewekwa karantini kwa sababu ya dada yake hakuhesabiwa. Na mzazi mwenye kibarua cha kutwa, anayejua kwamba jibu baya litamfungia nyumbani siku kumi na nne bila mshahara, si ajabu akaisahau ile fomu ndani ya begi la mtoto. Wakosoaji walikuwa na haki kuliuliza hilo.

Hata hivyo, mimi kasoro hiyo naiona kwa jicho jingine. Takwimu ile haikuwa inajibu "ni wanafunzi wangapi wameambukizwa". Ilikuwa inajibu "kati ya walioketi darasani leo wakiamini ni wazima, wangapi wana virusi". Kwa mzazi au mwalimu mkuu, swali hili la pili ndilo lenye maana. Na jibu lilipokuja, kwamba wanafunzi na wafanyakazi walikaribiana kwa kiwango kilekile, lilitikisa pande zote: waliosema watoto hawaambukizwi, na waliosema madarasa ni tanuri la ugonjwa.

Huko ni kuhesabu. Sasa njoo kwenye kusaka.

Machi 2021, shule za England zilipofunguliwa tena, wanafunzi wa sekondari waliombwa kujipima kwa kile kijiti cha puani chenye majibu ya nusu saa: mara tatu shuleni, kisha nyumbani mara mbili kila wiki. Lengo halikuwa takwimu tena. Lengo lilikuwa kumpata mwenye virusi na kumtoa. Hapo hesabu hubadilika kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Chukua mfano wa kubuni: wanafunzi 10,000, wenye virusi 20. Kipimo ni kizuri, kinamsingizia mzima mara 2 tu katika kila 1,000, na kinawanasa 12 kati ya wale 20. Utapata majibu 32 ya "una virusi", na 20 kati yake ni ya watoto wasio na kitu. Ugonjwa ukiwa mwingi mtaani, uwiano huo unageuka na kipimo kinakuwa na faida. Ukiwa mchache, unawarudisha nyumbani wazima wengi kuliko wagonjwa. Dawa yake inajulikana, kuthibitisha kwa kipimo cha maabara, lakini mwanzoni mwa Machi ile mwanafunzi aliyepimwa shuleni akakutwa na virusi hakuruhusiwa kurudi hata maabara ikisema hana. Wazazi walikasirika, na ningekuwa mimi ningekasirika zaidi.

Kisha likaja suala la waliokaa karibu naye. Kanuni ilikuwa mmoja akipatikana, kundi lake linakwenda nyumbani siku kumi. Katikati ya Julai 2021, wanafunzi zaidi ya milioni moja wa England hawakuwepo darasani kwa sababu zinazohusiana na korona, na waliothibitishwa kuugua walikuwa wachache mno ndani ya kundi hilo. Bahati nzuri, kuna watu waliofikiria kulipima jambo lenyewe. Katika shule na vyuo 201, waligawa kwa kura: nusu waliendelea kuwarudisha nyumbani waliokaribiana na mgonjwa, nusu wakawaacha waje shuleni kwa masharti ya kupimwa kila siku. Maambukizi hayakutofautiana kwa maana yoyote. Nyingi ya siku zile za masomo zingeweza kuokolewa.

Turudi kwetu, kwa sababu ni rahisi kuhukumu vijiti vya puani vya watu wenye navyo. Oktoba 2020 Kenya ilipowarudisha kwanza watahiniwa, wiki chache hazikupita kabla ya shule mbili za sekondari za Mombasa kufungwa kwa muda baada ya wafanyakazi wake kukutwa na virusi, na katika wiki zile nchi ilizika walimu wakuu. Mwalimu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sukari, anaamriwa aingie katika darasa la vijana sitini ambao zaidi ya nusu yao wakiambukizwa hawatakohoa hata mara moja. Ana haki ya kujua anaingia kwenye nini. Hoja hii sijapata wa kunijibu, na waliosema "tusipime, tutazua hofu" waliipita kwa mbali.

Lakini nao wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Tanzania iliacha kutoa takwimu za taifa zikiwa kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, mwanzoni mwa Mei 2020; kidato cha sita wakarudi shuleni Juni 1, na waliobaki Juni 29. Uganda, iliyokuwa ikihesabu na kutangaza, ilifungua, ikafunga tena Juni 2021, na haikufungua kwa wote hadi Januari 10, 2022. Mtoto wa Mwanza alikosa darasa miezi mitatu na kidogo. Wapo wenzake wa Kampala waliokosa karibu miaka miwili, na baadhi yao hawakurudi tena. Ukimwambia mzazi wa Uganda kwamba takwimu ni jambo jema, atakuuliza zilimfaa nini binti yake. Ninachoweza kumjibu ni kwamba kilichomfungia binti yake ni uamuzi wa watu, na kwamba yaliyotokea ndani ya mabweni ya Tanzania miezi ile hayataandikwa kamwe, maana hakuna aliyeyahesabu. Najua jibu hilo halimrudishii mtoto masomo.

Hoja ya gharama nayo ni ya kweli, ila kuna njia ambayo tayari ilikuwa mikononi mwetu. Watafiti wa mpango wa pamoja wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome la Uingereza walichukua sampuli 3,098 za damu iliyochangwa kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakatafuta kingamwili. Walikadiria kwamba asilimia 4.3 ya watu wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wameshaambukizwa, Mombasa ikiongoza kwa takriban asilimia 8. Kenya nzima wakati huo haikuwa imethibitisha wagonjwa 4,000. Hakuna aliyefuatwa nyumbani, hakuna darasa lililofungwa, damu ilikuwa imeshatolewa. Na tangu zamani wachangiaji wakubwa wa damu nchini ni wanafunzi wa sekondari. Shule zilipofungwa, benki za damu zilikauka. Tuliyemfungia nje ndiye angeweza kutuonyesha hali ilivyo.

Kwa hiyo niko upande wa kuhesabu, na nina mashaka makubwa na kusaka. Shule chache kila kaunti zichaguliwe kwa kura, mpishi na mlinzi wakiwa ndani ya sampuli, zirudiwe kila mwezi. Atakayekutwa na virusi aambiwe faraghani na atunzwe, na iandikwe wazi kabla ya kuanza kwamba hakuna bweni litakalofungwa wala jina la shule litakalotangazwa kwa ajili ya sampuli hiyo. Bila ahadi hiyo fomu zitasahaulika ndani ya mabegi huku kwetu pia.

Muhula ulipokwisha nilikwenda kumchukua mpwa wangu. Mzee wa getini alikuwa palepale, akanisalimia, akaniinulia kile kipimajoto kwa mazoea kisha akakishusha. Betri zilikwisha wiki ya tatu, aliniambia, na mpya hazikuletwa. Nikaomba kuliona daftari. Lilikuwa limejazwa hadi siku ile: 36.4, 36.5, 36.4.