Mwanagenzi Hapewi Mkasi Siku ya Kwanza

Mwanafunzi akishadahiliwa kusoma shahada ya uzamili au uzamivu, swali la kwanza analoulizwa na kila anayekutana naye ni moja: mada yako ni ipi? Anatakiwa aandike pendekezo la utafiti, aonyeshe tatizo, pengo, malengo, maswali na mbinu. Hapo ndipo wengi hukwama, miezi sita, wengine mwaka mzima, na taratibu huanza kuamini kwamba akili yao haitoshi. Nimewaona watu wenye vipawa wakikata tamaa kwenye ukurasa ule ule wenye kichwa "Tatizo la Utafiti". Siamini kwamba walipungukiwa na kitu. Naamini walikabidhiwa kazi ya mwisho kabla hawajagusa ya kwanza.

Miaka ya 1970 mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, alikwenda Liberia akawatazama mafundi cherehani na wanagenzi wao. Aliona kwamba mwanagenzi haanzi na mkasi. Anaanza kwa kutia vifungo na kukunja pindo, yaani hatua za mwisho za nguo. Baadaye anashona vipande vilivyokwisha kukatwa. Kukata kitambaa kunakuja baada ya yote hayo. Yeyote aliyewahi kushika mkasi anaelewa kwa nini: kifungo kilichokaa upande kinafumuliwa, kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Tena aliyekunja pindo nyingi huwa ameshaijua nguo inavyokaa mwilini kabla hajaulizwa aipime. Mwaka 1991 Lave na mwenzake Étienne Wenger walitoa hoja kwamba kujifunza ni kuingia polepole katika jamii ya watu wanaofanya kazi fulani, kuanzia pembeni, kwa kazi ndogo lakini za kweli.

Katika utafiti, kutunga swali ndiko kukata kitambaa. Swali likiwa baya, hojaji nzuri na takwimu safi haziliokoi. Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo kazi tunayompa mgeni siku ya kwanza.

Kuna kambi mbili kuhusu jinsi mtafiti anavyofundwa, na zote mbili zina watu makini. Kambi ya kwanza inasema utafiti hujifunzwa kwa kuutenda, ubavuni mwa anayeujua. Mfano wao mashuhuri ni maabara ya kemia ya Justus von Liebig, aliyeteuliwa kufundisha Giessen, Ujerumani, mwaka 1824. Wanafunzi wake hawakukaa tu wakimsikiliza. Walipima na kuchanganua wenyewe. Uingereza nayo ilipoanzisha shahada ya uzamivu, Oxford ikitangulia mwaka 1917, iliijenga juu ya tasnifu na msimamizi, bila madarasa mengi.

Kambi ya pili inataka mafunzo yenye mpango: kozi za mbinu, semina, mitihani. Marekani mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida husoma kozi na kufanya mtihani wa kufuzu kabla ya kuingia kwenye tasnifu. Ulaya nayo imesogea upande huo tangu mwaka 2003, mawaziri wa elimu walipokutana Berlin na kuitambua shahada ya uzamivu kuwa ngazi ya tatu ya elimu ya juu baada ya shahada ya kwanza na uzamili.

Hoja nzito ya kambi hii ya pili, kwangu, ni haki. Ukimwachia mtu mmoja kazi yote ya kumlea mtafiti, unamwacha mwanafunzi mikononi mwa bahati. Kuna msimamizi anayesoma rasimu ndani ya wiki, na kuna anayekaa nayo miezi minne kisha akairudisha na alama mbili za kuuliza. Kuna anayehama chuo katikati ya safari. Halafu kuna mambo ambayo hayajaandikwa popote: namna ya kumjibu mhakiki wa jarida, namna ya kumwambia msimamizi kwamba hukubaliani naye. Mwanafunzi aliyelelewa na wanazuoni huyajua bila kufundishwa. Mwenzake huyagundua akiwa ameshaumia. Kozi nzuri huyaweka mezani ili kila mtu ayaone. Tena kuna mbinu za takwimu ambazo msimamizi aliyesoma zamani hawezi kuzifundisha, hata awe na moyo mzuri kiasi gani.

Hata hivyo kuna kitu ambacho kozi haikitoi. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu huko Cambridge, alikuwa akisoma karatasi zilizochorwa na kalamu ya darubini ya redio, yaani chombo kinachonasa mawimbi ya redio kutoka angani, takriban mita 30 kila siku. Kabla ya hapo alishiriki kwa miaka miwili kuijenga darubini yenyewe, kwa mikono yake, pamoja na wenzake wachache. Katika karatasi hizo akaona vurugu ndogo, isiyofika hata sentimita moja, ambayo haikufanana na alama za kwaza, yaani vyanzo vya mawimbi ya redio vilivyo mbali mno angani, wala na mawimbi yanayotoka kwenye shughuli za watu. Alikumbuka kwamba aliwahi kuiona kabla ya hapo, ikitoka upande ule ule wa anga. Walipoirekodi kwa kasi kubwa zaidi, ikaonekana ni mapigo yanayorudi kila baada ya sekunde 1.3 hivi. Chanzo chake kikawa pulsa ya kwanza kujulikana, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutufikia kama mapigo ya mawimbi ya redio.

Sijui darasa ambalo lingemfundisha asiipuuze sentimita ile. Jicho lake lilitokana na nyaya alizozifunga na mamia ya mita za karatasi alizozipitia, yaani vifungo na pindo zake. Msimamizi wake, Antony Hewish, mwanzoni alidhani kwamba mapigo hayo yametengenezwa na binadamu, na shaka hiyo ilikuwa sehemu ya malezi, kwa sababu waliipima pamoja mpaka ikashindwa. Lakini kisa hicho hicho kinaipa nguvu kambi ya pili. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1974 walipewa Hewish na Martin Ryle, mwanaastronomia mwenzake wa Cambridge, Bell hakuwemo. Uanagenzi humpa mwanafunzi jicho, na unaweza pia kumnyima jina.

Mimi naegemea uanagenzi, na sababu yake ni alasiri moja. Msimamizi wangu alinifungulia makala yake iliyokataliwa na jarida, pamoja na barua za wahakiki. Mmoja alikuwa mkali mno. Pembeni ya barua, kwa penseli, msimamizi alikuwa ameandika "kweli" mara tatu, na mahali pamoja "hapana, nitabishana". Mpaka siku hiyo nilikuwa nimesoma makala zake zilizochapishwa tu, zote zimenyooka, nikadhani hivyo ndivyo mawazo yanavyomjia. Nilikuwa nimeona nguo dukani bila kuuona mkasi ukifanya kazi.

Kwa hiyo ningependa mpangilio ubadilike. Mwaka wa kwanza mwanafunzi apewe data zilizokwisha kukusanywa, arudie uchanganuzi wa mtu mwingine aone kama atapata majibu yale yale. Anayefanya historia au fasihi, ambako hakuna maabara, asome nyaraka chache pamoja na msimamizi, wakibishana juu ya aya moja kwa saa nzima. Ajaribu kuhakiki rasimu, ikiwemo ya msimamizi mwenyewe. Kozi ziendelee sambamba, na chuo kiandike wazi nani anatajwa kama mwandishi na kazi ipi inalipwa, maana bila hilo "kujifunza kwa kutenda" hugeuka haraka kuwa kibarua cha bure kwenye mradi wa mwingine.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la muda. Ufadhili ukiwa wa miaka mitatu, mwaka mmoja wa vifungo unaonekana ghali. Ninachojibu ni kwamba wengi tayari wanaupoteza mwaka huo wakiandika upya pendekezo lile lile, peke yao.

Kikwazo kikubwa kiko mlangoni: vyuo na wafadhili wengi hudai pendekezo la utafiti hata kabla ya kumdahili mtu. Ukurasa huo wanaweza kuendelea kuuomba. Wausome kama sampuli ya namna mwombaji anavyofikiri, na miezi kumi na miwili baadaye, atakapokuja kusema amegundua kwamba swali lake lilikuwa baya, wamwandikie kwenye taarifa ya maendeleo kwamba amesonga mbele.