Msikitoe kile kipande cha katikati

Nilikuwa kituo cha Commerce, hapa Nantes, Ufaransa, siku zile tramu mpya za Citadis, haya magari ya reli ya mjini, zinaanza kuingia njiani. Ikaja ya zamani, nyeupe yenye kijani. Kijana aliyesimama kando yangu akamwambia mwenzake, "Hizi nazo si wazitupe tu zote." Nikapanda kimya, lakini neno lile nilikwenda nalo hadi nyumbani.

Wazitupe? Zilianza kazi Januari 1985, wakati Ufaransa nzima ilikuwa imebakiwa na tramu Lille, Marseille na Saint-Étienne tu. Nantes yenyewe ilizifuta zake 1958. Mwaka 1975 Marcel Cavaillé, aliyeshika uchukuzi serikalini, aliandikia miji minane ifikirie kurudisha tramu, na Nantes haikuwamo. Meya Alain Chénard akalibeba jambo hilo mwenyewe. Uchaguzi wa 1983 ukamwangusha, akaingia Michel Chauty ambaye tramu hakuitaka, ila kazi ilikuwa imekwenda mbali mno. Chénard alipoteza kiti kabla abiria wa kwanza hajapanda.

Hayo yameandikwa, hayatapotea. Ninachokihofia mimi ni kipande cha katikati.

Tramu za kwanza kati ya hizi zilitoka kiwandani zikiwa na sehemu mbili tu, na kila mlango una ngazi. Mwenye kiti cha magurudumu alibaki kituoni. Miaka miwili baadaye Grenoble, mji mwingine wa Ufaransa, wakazindua zao, na kwa kuwa vyama vya walemavu vya huko vilikuwa vimeshikilia madai yao tangu mwanzo, zilikuja na sakafu ya chini, hatua moja tu kutoka kituoni. Nantes ikaonekana imepitwa na wakati ilhali magari yake bado mapya. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakayatenganisha magari yao pale kwenye kiungo, wakachomeka katikati behewa fupi lenye sakafu ya chini. Gari la mita 28 na nusu likawa la mita 39. Ukilitazama kwa ubavu unaona wazi: huku juu, katikati pameshuka, kule juu tena.

Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, magoti yalikuwa yamekwisha kumtesa. Siku ya kwanza alipanda mlango wa mbele, ameshika chuma kwa mikono miwili, na watu nyuma yake wanahema. Siku ya pili akanivuta mkono. "Njoo tusimame hapa, mwanangu. Mlango wangu unasimama hapa." Alikuwa ameshapima kwa jicho, Kifaransa hajui hata neno. Kwa wiki zote tatu alizokaa hakukosea hata siku moja. Alikuwa akiingia kama anayeingia sebuleni kwake, anakaa, anasalimia.

Ndiyo, joto la Julai mle ndani halivumiliki. Ndiyo, mlango mmoja wa kuwatosha wazee wote, akina mama wenye vigari vya watoto na wenye viti vya magurudumu hautoshi, na tramu mpya ina sakafu ya chini kote. Vipuri vya mashine ya miaka 40 navyo ni taabu. Zipumzike, sikatai. Manchester ya Uingereza ilianza na tramu zake 1992 na kufikia 2014 zilikuwa zimeondoka. Hizi za Nantes zimefanya kazi karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu mji ulikubali kuzitengeneza badala ya kuzichoka.

Ninachoomba ni kimoja. Zilikuwa 46. Itakayohifadhiwa kama kumbukumbu isirudishwe kwenye umbo lake la 1985. Najua wapenda mambo ya kale huvutwa na kitu kilivyozaliwa, na gari fupi la sehemu mbili litapendeza kwenye picha. Lakini gari lile fupi liliwaacha watu kituoni. Hili refu, lenye mshono wake unaoonekana, ndilo lililorudi kuwachukua. Mkilitoa behewa la katikati ili lionekane la asili, mtakuwa mmewashusha tena.

Nimemwambia Mama kwa simu kwamba zinaondolewa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hizo mpya nazo zina mlango wa katikati. Nikamwambia yote ni ya katikati sasa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Lakini ule wangu wasiutupe."