Baridi yabisi: usiku nao uulizwe

Mgonjwa wa baridi yabisi akifika kwa muganga hapa Bukavu, ataulizwa ni viungo gani vimevimba na asubuhi vidole vinakawia kiasi gani kulegea. Usiku wake hauulizwi. Waganga wana hoja yao, wala si dhaifu: kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia viungo, basi ukituliza uvimbe mapema kwa methotreksati, dawa inayoituliza kinga hiyo, maumivu yatapungua na usingizi utarudi wenyewe. Kwa wengi huwa hivyo. Na mahali ambapo kuipata dawa hiyo ni kazi, kuzungumzia usingizi huonekana anasa.

Ila maumivu kuondoa usingizi ni nusu ya habari. Mwaka 2012 watafiti wa Los Angeles walichapisha jaribio: wagonjwa 27 wa baridi yabisi, pamoja na watu 27 wasiougua, waliwekwa macho kuanzia saa tano usiku hadi saa tisa. Kulipokucha, wagonjwa walikuwa na maumivu zaidi, uchovu zaidi, wasiwasi zaidi, na viungo vinavyouma viliongezeka. Saa nne tu, za usiku mmoja! Sasa mfikirie mama wa Kadutu, hapa mjini, anayeamshwa na mabega kila usiku, mwaka baada ya mwaka. Tangu vita viingie mjini Februari 2025, hata usiku ambao mabega yametulia, masikio yake hayalali. Na ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, ambao alfajiri wanasubiriwa na maji, moto na watoto.

Asipoulizwa, anajitafutia. Ananunua deksametazoni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe, kwenye duka la dawa, anaimeza jioni ili alale bila maumivu, kumbe dawa za jamii hiyo zenyewe hufukuza usingizi. Kisha anaongeza valiamu, dawa ya kumtuliza alale. Hii humzoesha, humlegeza, naye akiamka gizani kwenda chooni anaweza kuanguka, wakati deksametazoni ya muda mrefu imeshadhoofisha mifupa yake. Hapo ndipo napata uchungu, maana swali moja lingeyafichua yote.

Ni kweli, kulala vizuri peke yake hakuzuii viungo kuharibika, na anayeiacha methotreksati kwa ajili ya chai ya majani anajidhuru. Sisemi dawa ipunguzwe. Nasema muganga aulize: unaamka mara ngapi, nini kinakuamsha, dawa gani unameza jioni? Mwenye kumeza jioni prednisoloni, ndugu ya deksametazoni, mara nyingi anaweza kuhamishiwa asubuhi, baada ya chakula, bila kuikatisha ghafla. Hilo halimgharimu hata franka moja.